Vumbi Nalo Liingie Daftarini

Kwa miaka mingi wanunuzi wa vinyago vya mawe vya Tabaka, huku Kisii, walikuwa na maswali matatu: bei gani, vipande vingapi, na mzigo utafika Mombasa lini. Kisha mnunuzi mmoja wa Ujerumani akamtumia kiongozi wa kikundi cha wachongaji fomu ya kurasa kadhaa kwa WhatsApp, akaomba ijazwe kabla ya oda inayofuata. Mnatumia lita ngapi za maji kwa mwaka? Umeme kiasi gani, dizeli kiasi gani? Taka zenu huishia wapi? Wanaume ni wangapi, wanawake ni wangapi, na kila upande hulipwa nini? Je, kuna mtu aliyeumia kazini mwaka uliopita?

Kikundi kilikutana karakanani, watu wameketi juu ya magogo na mawe ambayo hayajaguswa na patasi. Wengi walidhani mamlaka ya kodi, KRA, imepata njia mpya ya kuwafikia. Mzee mmoja aliyechonga tangu utotoni aliniambia bila kuficha, "Mwanangu, mtu anayeuliza mshahara wa mwenzake ana jambo." Mama mmoja wa upande wa kusugua na kung'arisha akataka kujua hao Wajerumani wana haja gani na maji ya chemchemi yetu.

Walikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ni mhasibu wa biashara ndogo mjini Kisii. Wateja wangu ni wachongaji, wenye bekari, wenye mashine za kusaga, mafundi wa vyuma, na vikundi vya akina mama wanaokausha ndizi. Nilizaliwa upande wa Nyamira, katika nyumba iliyosomesha watoto kwa majani chai yaliyokwenda kiwanda cha Kebirigo, kwa hiyo najua familia inavyoishi kwa kungoja bonasi. Nimekaa na wachongaji hao mbele ya fomu ile, swali moja baada ya jingine, na nimetoka nikiamini kwamba fomu za namna hii zinaweza kuwa na faida kubwa kwa watu wetu, mradi wazijaze kwa ajili yao wenyewe kwanza, halafu ndipo wamfikirie mnunuzi.

Kinachoulizwa huitwa ripoti ya uendelevu. Hesabu za kawaida za fedha huonyesha pesa iliyoingia na pesa iliyotoka. Ripoti ya uendelevu huonyesha yale ambayo biashara huyachukua au kuyaacha nyuma bila kupitia kwenye sanduku la pesa: maji ya mto, kuni za mlimani, moshi, mashimo, vidole vilivyokatika, kifua kinachokohoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wakiwaza ng'ombe na shilingi. Lakini maji pia ni mali, na afya ya mchongaji ni mali. Gharama isiyoandikwa huwa imelipwa na mtu fulani, na kwa kawaida ni yule ambaye hakuulizwa.

Maswali ya mnunuzi yule yana asili yake. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2022 sheria inayoyataka makampuni makubwa yatoe taarifa kuhusu mazingira na wafanyakazi, zikiwemo habari za wale wanaowauzia bidhaa. Makampuni yakaanza kusukuma maswali chini, kila moja kwa fomu yake, hadi yakawafikia watu wenye wafanyakazi kumi. Ili kupunguza vurugu hiyo, chombo cha Ulaya kinachoitwa EFRAG kilikamilisha mnamo Desemba 2024 kiwango cha hiari kwa biashara ndogo na za kati, kinachojulikana kwa herufi VSME, na Julai 2025 Kamisheni ya Ulaya ikapendekeza kitumike. Sehemu yake ya msingi ina vipengele 11 tu. Viwili vya kwanza vinakutaka ujieleze wewe ni nani na una mipango gani. Vingine vinagusa nishati na hewa ukaa, uchafuzi, viumbe na ardhi, maji, taka, idadi ya wafanyakazi, usalama wao, malipo yao, na kama umewahi kutiwa hatiani kwa rushwa. Ukivisoma bila woga, ni mambo ambayo mwenye karakana yeyote makini angependa kuyajua.

Kwa wachongaji, wazo lenyewe si geni kabisa. Shirikisho la biashara ya haki duniani, WFTO, lililoanzishwa mwaka 1989 kwa jina la IFAT, lina kanuni kumi, na wanachama wake huandika ripoti ya kujitathmini kisha hutembelewa na wakaguzi na wenzao wa kazi. Tabaka imekuwa na wanachama katika mtandao huo, kikiwemo kikundi cha Smolart. Kwa hiyo kuna wazee na akina mama pale waliokwisha kuandika kuhusu malipo ya haki na kazi za watoto muda mrefu kabla ya watu wa Ulaya kutunga herufi zao nne.

Na Kenya nayo haijalala. Viwango viwili vya kimataifa vya ripoti za uendelevu, IFRS S1 na S2, vilitolewa Juni 2023, na taasisi yetu ya wahasibu, ICPAK, ikatangaza mwaka 2024 ratiba ya kuvitumia nchini. Makampuni yenye maslahi ya umma yanaanza kulazimika mwaka 2027, makampuni makubwa mengine mwaka 2028, na biashara ndogo na za kati mwaka 2029. Kwa sasa, basi, mwenye biashara ndogo anaandika kwa hiari yake. Naomba msomaji mwenye duka au karakana aitazame vizuri miaka hii michache. Mtu anayejifunza kuhesabu maji yake leo, akiwa hana wa kumtoza faini, atajifunza kwa utulivu kuliko atakayeanza mwaka ambao sheria inambisha hodi.

Sasa nirudi kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipopata maana.

Tabaka iko Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Jiwe lake la sabuni hutoka ardhini likiwa jeupe, la waridi, la kijivu, na likiwa bado na unyevu huchongeka kwa urahisi. Ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye kazi yake imefika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Kwa desturi, wanaume huchimba na kuchonga kwa panga, patasi na tupa. Wanawake husugua kwa msasa ndani ya maji, hukausha, hupaka rangi na kuchora nakshi. Bila maji hakuna kinyago kinachong'aa. Lakini nilipofungua vitabu vya kikundi sikuona maji mahali popote, kwa kuwa hayakununuliwa. Yalibebwa.

Hatukuhitaji mita. Mama mwenyekiti alichukua kipande cha mkaa, akawa anapiga mstari ukutani kila mtungi wa lita 20 unapomwagwa kwenye beseni. Mwisho wa mwezi tukahesabu mistari. Sitatoa hapa hesabu za watu, lakini chukua mfano wa karakana inayotumia mitungi 12 kwa siku. Hizo ni lita 240. Kwa siku 24 za kazi ni lita 5,760, na kwa mwaka mzima ni lita 69,120. Mnunuzi alitaka tarakimu hiyo moja. Akina mama waliona kitu kingine. Kila mstari ulikuwa safari ya kushuka bondeni na kupanda tena na kilo 20 kichwani, na hakuna hata safari moja iliyokuwa ndani ya bei ya kinyago. Wenzao walilipwa kwa kipande walichochonga, wao walilipwa kwa kipande walichosugua, na kubeba maji kukahesabiwa kuwa si kazi.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu, na mengine yalikuwa makali. Sitayasimulia yote. Lakini hesabu ilikuwa imekaa ukutani, na ilikuwa vigumu kubishana nayo.

Halafu kijana mmoja akauliza kuhusu paa. Kisii ni nchi ya mvua, hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua ikidondoka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la mabati lenye mita za mraba 60 hupokea basi lita 90,000 kwa mwaka, na hata ukiondoa sehemu ya tano kwa yanayorukia nje na kuvuja, zinabaki lita 72,000. Linganisha na mahitaji ya karakana ya mfano wetu. Na kwa kuwa kwetu mvua hunyesha karibu miezi yote, tangi la kiasi linatosha, halina haja ya kuwa kubwa kama la hospitali. Walikuwa wamekaa chini ya paa lile miaka na miaka, wakisikia maji yakimwagika nje. Fomu ya mgeni ndiyo iliyowafanya wapige hesabu.

Kipengele cha usalama kilikuwa kigumu zaidi. Kikundi kilitaka kuandika sifuri, na hawakuwa wakidanganya. Katika fikira za wengi, ajali ni ile inayompeleka mtu hospitalini kwa gari. Nikawaomba tukumbuke mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, kuanzia mkesha wa Krismasi tukirudi nyuma. Ndipo akatajwa aliyepasuliwa kidole na panga, na aliyeingiwa na chembe ya mchanga jichoni akakosa kazi karibu wiki, na kijana aliyeteleza kwenye timbo baada ya mvua. Mwisho mzee wangu yule aliyeniita mwanangu akasema polepole kwamba yeye hukohoa kila asubuhi, na kwamba baba yake alikohoa vivyo hivyo.

Vumbi la jiwe la sabuni ni laini kama poda, na ulaini huo ndio hatari yake. Punje zake ndogo hupita puani na kooni bila kukwama, hukaa chini kabisa ya mapafu, na mtu akizivuta kwa miaka mingi pumzi hupungua. Kusugua ndani ya maji kunalaza vumbi, kwa hiyo wanaodhurika zaidi ni wanaokata na kuchonga jiwe kavu, hasa tangu mashine za umeme za kukatia na kusawazisha zianze kuingia vijijini. Dawa yake haina siri: lowesha jiwe kabla ya kulikata, kata nje penye upepo, tumia barakoa inayoshika vumbi badala ya kitambaa, usilale wala kupika mahali unapochonga. Yote yana gharama ndogo kuliko kifua kimoja kilichoharibika. Lakini hakuna anayetenga pesa kwa ajili ya kitu ambacho vitabu vinakionyesha kuwa sifuri.

Tukaandika yote. Ripoti ya kwanza ya kikundi ilikuwa na mapengo. Penye hewa ukaa tuliandika umeme kutoka kwenye risiti za tokeni na dizeli ya jenereta kutoka kwenye taarifa za M-Pesa, tukazidisha kila lita ya dizeli kwa kilo 2.7 za hewa ukaa, ambao ni wastani unaokubalika. Penye uzito wa taka hatukuwa na mizani, tukasema hivyo. Penye mashimo tuliandika kwamba jiwe hununuliwa kutoka mashamba ya watu, kwamba shimo likishaisha jiwe huachwa wazi na kujaa maji, na kwamba kikundi hakina bado makubaliano na wenye mashamba kuhusu kuyafukia. Aya hiyo iliwauma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Mahali penye msongamano huo, shimo moja ni bustani ya mboga ya familia, na mtoto anayeweza kutumbukia ndani yake ana jina na ana mama.

Nitasema wazi ninachoamini kuhusu mapengo hayo. Ripoti yenye nafasi tupu zilizoelezwa ni bora kuliko ripoti iliyojaa maneno ya kuazima. Nimeshaona watu wakiuziwa ripoti zilizonakiliwa, kurasa zinazong'aa, picha za miche, ahadi za kuwa bila hewa ukaa mwaka fulani wa mbali, na ndani yake hamna hata lita moja ya maji iliyohesabiwa. Mwenye biashara ameilipia kwa pesa aliyokopa. Mnunuzi akija kukagua, anakuta karatasi na karakana havijuani, na jina la watu wengi waaminifu linachafuka pamoja na la mmoja. Ripoti ya kweli ni kazi ya daftari la shule, kalamu na mtu mvumilivu. Asije mtu akakudanganya kwamba ni lazima uanze na mtaalamu wa Nairobi.

Ninalo neno pia kwa wanunuzi. Anayetaka hesabu ya maji, barakoa na malipo ya haki anataka vitu vyenye bei. Haki haikubali aulize maswali mapya kwa bei ya zamani. Kanuni za WFTO zinasema mnunuzi wa kazi za mikono anapoombwa atoe malipo ya awali ya angalau nusu ya oda, bila riba. Kikundi kiliiweka kanuni hiyo katika barua iliyoandamana na ripoti, kikaonyesha mbele yake gharama ya tangi na ya barakoa. Nilifurahi kuona mkono wa katibu haukutetemeka alipoandika.

Upande wa Nyamira jambo hili lina sura nyingine, kwa sababu pale wakulima wengi wamo tayari ndani ya ripoti ambayo hawajawahi kuisoma. Viwanda vya chai vilivyo chini ya shirika la chai la KTDA, kama Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore na Nyansiongo, ni makampuni ambayo wenye hisa ni wakulima wadogo. Cheti cha Rainforest Alliance kimekuwa sehemu ya maisha ya wakulima wa KTDA kwa miaka mingi, nacho kina masharti juu ya dawa, maji, watoto na miti. Mkulima anajua masharti. Ameambiwa asinyunyize karibu na mto, afukie taka, asimpeleke mtoto kuchuma siku ya shule. Anachokosa ni tarakimu za kiwanda chake mwenyewe.

Fikiria kuni peke yake. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, na unyevu unaotoka hapo katikati huondolewa kwa joto, na joto hilo viwandani kwetu hutoka hasa kwenye kuni. Kuni ni mkaratusi. Mkaratusi hukua haraka na kuleta pesa, kwa hiyo watu waliupanda hadi mabondeni, kwenye macho ya chemchemi. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na maeneo oevu. Kwetu wengine waling'oa, wengine wakaiacha, na mabishano hayajaisha. Sasa, kiwanda kikiandika ni mita ngapi za ujazo za kuni kilichochoma, zilitoka mabondeni au vilimani, na ni kilo ngapi za chai zilipatikana kwa kila mita, mabishano hayo yatakuwa na mahali pa kusimama. Mkulima ataona kuni katika makato ya bonasi yake na ataona pia chemchemi yake. Ningependa ukurasa mmoja wa hesabu hizo ubandikwe katika kila kituo cha kununulia chai, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, mahali pale pale panapobandikwa kilo za mwezi.

Benki nazo zimeingia katika maswali haya. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo Oktoba 2021 unaozitaka benki zipime hatari za tabianchi katika mikopo zinayotoa. Kwa mwombaji wa mkopo, hilo hutokea kama swali la ziada mezani: mvua ikikosa, biashara yako itakuwaje? Mwenye bekari anayejua anatumia kuni kiasi gani kwa gunia la unga, na aliyekwisha kulinganisha na jiko linalookoa kuni, ana jibu lenye tarakimu. Hilo ni jambo dogo, lakini nimeona afisa wa mikopo akiweka kalamu chini na kuanza kusikiliza.

Serikali ilipofanya utafiti wa biashara ndogo mwaka 2016, ilikuta karibu biashara milioni 7.4 nchini, na milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Wengi wa wateja wangu wamo katika ile sehemu kubwa isiyo na leseni. Hawatafika Nairobi kwa semina ya hotelini, wala hawatasoma mwongozo wa kurasa mia kwa Kiingereza. Fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yenye maji, nishati, taka, watu, ajali na malipo, ingetosha kwa miaka ya kwanza, nazo idara za biashara za kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira, zinaweza kuitoa pamoja na leseni ya kila mwaka, na hata kwa asiye na leseni. Wanafunzi wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Kisii na wa polytechnic ya kitaifa hapa mjini hutafuta nafasi za mafunzo kazini, na wengi huishia kupanga faili katika ofisi zenye faili chache. Wapelekwe Tabaka, Keroka, Nyansiongo na Ogembo, wawili wawili, wakae mwezi mmoja na kikundi kimoja, wahesabu mitungi na vipande vya msasa, na waache daftari likiwa na mistari iliyopigwa tayari hadi Desemba.